Biti 16 za skana si lazima zishinde 14 za kamera

Jaribu kupiga picha daka la nyumba ya Lamu saa sita mchana. Ukuta wa chokaa unawaka jua, na mlango wa nakshi umekaa gizani. Kamera ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga, lakini haizigawi sawasawa: stopu ya juu kabisa (kila stopu ni mwanga mara mbili ya ile iliyo chini yake) huchukua 8,192 peke yake, inayofuata 4,096, na ukifika ya nane, huko mlangoni, zimebaki 64. Kwa biti 12 zingebaki 16. Kwa hiyo piga RAW (faili ghafi ya sensa), na uongeze mwanga mpaka ukuta ukaribie kuungua, yaani kuwa mweupe mtupu, usiungue. JPEG ni biti 8 tu. Ukikivuta kile kivuli, nakshi haitoki.

Skana nazo huuzwa kwa "biti 48". Gawanya kwa tatu, upate 16 kwa kila rangi. Skana hupima nyekundu, kijani na buluu katika kila nukta, ilhali kamera nyingi hupima rangi moja kwa kila pikseli na kuzikisia mbili kutoka kwa jirani. Hapo skana inashinda kihalali. Lakini hizo 16 ni ukubwa wa faili, si uwezo wa sensa: chengachenga za sensa zikila biti nne za chini, una 12. Weusi wa slaidi wenye densiti (kipimo cha weusi wa filamu) 3.6 hupitisha kama sehemu moja kati ya 4,000 za mwanga, yaani stopu 12. Skana ya bapa ya bei nafuu huko haioni kitu.

Biti 16 zina kazi zaidi kwenye negativu ya rangi. Picha yake hubanwa katika sehemu ndogo ya histogramu (grafu ya ngazi za mwanga). Ikiwa ni robo, biti 8 zinakupa ngazi 64. Ukizitandaza, anga la Shela linakatika mistari. Biti 16 zinakupa 16,384.

Zima marekebisho ya otomatiki, skani kama slaidi (programu isiigeuze), ongeza muda wa mwanga wa buluu (msingi wa chungwa wa filamu huizuia), hifadhi TIFF (faili inayobeba biti 16), kisha ndiyo ugeuze negativu iwe picha ya kawaida. Fremu ya milimita 35 kwa dpi (nukta kwa inchi) 4,000 hufika MB 128 hivi. Diski ni rahisi kuliko kuskani upya.

Negativu nyeusi-nyeupe skani kijivu cha biti 16, na uzime usafishaji wa infraredi (mwanga usioonekana ambao skana hutafutia vumbi) hata kama kuvu la unyevu wa pwani limeingia: fedha iliyo kwenye filamu huzuia infraredi, na programu itaifuta picha ikidhani ni vumbi.