Mochwari ya Paris kwenye Bamba la Shaba

Ukiitazama picha hii haraka, utaona nyumba kuukuu tu zilizobanana ukingoni mwa mto Seine. Isogelee. Chini kabisa, wanawake wanafua. Juu yao wanaume wamembeba mtu aliyezama, mwanamke analia, askari ananyoosha mkono kuwaonyesha pa kupita. Kwenye ukuta wa juu watu wamejazana wakichungulia. Jengo lile fupi ni mochwari ya Paris, na chapa hii, yaani picha iliyochapwa kwa bamba la shaba, ni ya mchoraji Mfaransa Charles Meryon, mwaka 1854.

Mochwari ilikuwa hapo tangu 1804. Maiti wasiojulikana walilazwa nyuma ya kioo ili ndugu waje kuwatambua, lakini mlango ulikuwa wazi kwa yeyote, na wengi walikuja kutazama tu. Wale wachunguliaji hawakuwekwa kupamba picha.

Meryon alikuwa ofisa wa jeshi la majini aliyetamani kuchora kwa rangi. Macho yake hayakuzitofautisha rangi vizuri, akageukia shaba na wino mweusi. Kwangu mimi, hasara yake ilitufaa.

Kazi yenyewe huenda hivi: bamba la shaba hupakwa nta, mchoraji akaikwaruza kwa sindano, kisha bamba likatiwa kwenye asidi. Palipokwaruzwa shaba hulika, na kadiri inavyokaa ndivyo mstari unavyozama na kutoka mweusi zaidi. Wino hujazwa kwenye mifereji hiyo, uso ukafutwa, karatasi mbichi ikagandamizwa juu yake. Picha hutoka imegeuka, kulia kushoto. Ukitaka mtaa utoke sawa, uuchore kinyume.

Lakini msiifanye ramani ya fundi ujenzi. Katika chapa yake ya 1850 ya Petit Pont, daraja la Paris, Meryon aliinua minara ya kanisa kuu la Notre-Dame juu kuliko inavyoonekana na mtu aliyesimama kando ya maji. Alichora mji alivyouhisi.

Mwaka 1864, Haussmann, mkuu wa utawala wa Paris, akiendelea kuibomoa na kuijenga upya Paris, mochwari ilihamishiwa jengo jipya nyuma ya Notre-Dame. Lile la zamani halipo tena.

Ukipata karatasi yenye picha hii, papasa pembezoni: chapa halisi huacha bonde dogo pale ukingo wa bamba ulipokandamiza. Kisha chukua lenzi. Mistari ya asidi huenda bila kukatika. Ukiona vinukta vilivyopangwa safusafu, umeshika ukurasa wa kitabu.