Tiba ya mazungumzo: itajulikanaje mapema kwamba haimsaidii mgonjwa?

Je, tiba ya mazungumzo humsaidia kila mtu?

La. Wengi hupata nafuu, wapo wasiobadilika, na wapo wachache, wanaokadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 10 ya watu wazima, ambao humaliza wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoanza. Si lazima tiba iwe ndiyo sababu, kwani msiba au kupoteza kazi huweza kuingia katikati, lakini vyovyote iwavyo anayetibu anapaswa kujua mapema.

Mtaalamu mzoefu hawezi kuliona hilo mwenyewe?

Mara nyingi hawezi. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2005, wataalamu waliombwa kutabiri ni wateja gani, kati ya 550, ambao hali zao zingezorota. Waliwataja 3 tu, ilhali waliozorota walikuwa 40, na kati ya wale 3 ni mmoja tu aliyezorota kweli. Sidhani kwamba huo ni uzembe: anayetibu huingia kikaoni akiwa na matumaini, na anayetibiwa, kwa adabu au kwa haya, hujibu "naendelea vizuri" hata kama usiku wa jana hakupata usingizi.

Basi maendeleo hupimwa kwa njia gani?

Kwa dodoso fupi ambalo mgonjwa hulijaza mwenyewe, aghalabu kabla ya kila kikao. Kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, hutumika sana dodoso liitwalo PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, yakiwemo ya usingizi, hamu ya kula na kukosa raha. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27; kadiri jumla inavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya zaidi. Dodoso jingine, OQ-45, lililotungwa na mwanasaikolojia Michael Lambert na wenzake, lina maswali 45 yanayogusa pia mahusiano na kazi.

Alama hizo hutabirije?

Hulinganishwa na mwenendo wa watu wengi walioanza tiba wakiwa na hali kama hiyo. Tuseme mtu ameanza na alama 14 za PHQ-9, akapata 15, kisha 17, na katika kikao cha nne 20. Kwa kuwa wengi wanaopona huanza kuonyesha nafuu katika vikao vya mwanzo, mstari unaopanda hivyo ni onyo, ingawa si hukumu. Kuna programu zinazompa mtaalamu onyo hilo kwa rangi, nyekundu ikiwa ndiyo nzito zaidi.

Swali la 9 la PHQ-9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, halingoji jumla: likijibiwa kwa alama yoyote zaidi ya 0, mgonjwa aulizwe siku hiyohiyo kuhusu usalama wake.

Onyo likitokea, kinafuata nini?

Mtaalamu na mgonjwa huketi na kuchunguza kama wanaelewana, kama mgonjwa bado ana nia ya kuendelea, kama ana watu wa kumtegemea, na kama limempata jambo jipya maishani; pengine zitahitajika dawa au mbinu nyingine. Dodoso linalojazwa kisha likafungiwa kwenye faili halina faida yoyote, kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuomba aonyeshwe alama zake na kuuliza: "Zimekuwa zikipanda tangu kikao cha pili, tubadilishe nini?"