Je, asiyesoma noti hana sikio la muziki?

Katika kwaya za Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Ibanda, wengi huamini kwamba mtu asiyesoma solfeji, yaani noti za do-re-mi, hana sikio la muziki, na kwamba kazi ya mwananadharia wa muziki ni kufundisha noti na kusahihisha makosa. Chanzo cha imani hiyo kinaeleweka: noti zilifika kwetu pamoja na misheni na shule, na anayezisoma huheshimiwa, tena kwa haki.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 na 1980 baadhi ya wananadharia, wakishirikiana na wanasaikolojia, wamechunguza jambo ambalo mimi naliona zito zaidi, yaani kile anachojua msikilizaji wa kawaida bila kufundishwa. Wamebainisha kwamba kusikiliza tu, tangu utotoni, humjengea mtu matarajio ya sauti itakayofuata, kulingana na muziki aliolelewa nao. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya ubongo wa watoto wachanga waliokuwa wamelala: pigo kuu la mdundo liliporukwa, ubongo wao ulionyesha kulitambua pengo hilo.

Jaribu nyumbani. Mwimbie mama jirani asiyejua noti wimbo wa ibada anaoufahamu, ukatize kabla ya sauti ya mwisho. Mara nyingi ataimalizia mwenyewe. Uimbe tena, upandishe sauti moja isivyostahili, kisha mtazame usoni: huenda akakunja uso kabla hujamaliza mstari. Ukosefu halisi wa sikio upo, lakini ni wa watu wachache, na kutojua noti si dalili yake.