Wale wadada wa njano wa viwanda vya mabomu, na kilichokuwa kinawaua

Kila ikifika Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, zinaanza kuzunguka zile picha za wanawake wa Uingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wamevaa kofia na ovaroli, wamezungukwa na makombora ya mizinga yaliyopangwa mpaka ukutani, na chini yake maneno ya uzalendo na ukombozi. Sina ugomvi na picha. Ila mimi kazi yangu ni afya na usalama kazini, kwa hiyo naangalia mikono kwanza.

Kwa kifupi, Mei 1915 ikavuja kwamba jeshi la Uingereza kule Ufaransa halina makombora ya kutosha, serikali ikatikisika, ikaundwa wizara nzima ya silaha chini ya mwanasiasa Lloyd George, na wanaume ndio hivyo wako vitani. Wakaitwa wanawake. Na tusidanganyane, si kwamba ndio walikuwa wanaanza kazi, wengi walishakuwa wanafanya, uhausigeli, viwanda vya nguo, ushonaji, wakahamia kwenye silaha kwa sababu hela ilikuwa nzuri zaidi, japo mara nyingi ilikuwa kama nusu tu ya anayopata mwanaume. Vita inaisha wako zaidi ya 900,000.

Sasa, si wote walishika baruti. Wengine walikuwa kwenye mashine za kukereza chuma, wengine kreni, wengine ukaguzi. Ninaowazungumzia hapa ni wale wa kujaza TNT, kemikali inayolipuka, kwenye kombora. TNT inayeyuka kwenye nyuzi joto 80 hivi, unaweza kuimimina ikiwa uji, au unaichanganya na amonia naitreti (TNT yenyewe ilikuwa adimu) halafu unaipakia na kuishindilia kwa kijiti na nyundo ya mbao. Kwa mkono, shifti nzima. Vumbi lake linakaa kwenye nywele, shingoni, kwenye mikono ya nguo, na siku chache tu ngozi inageuka njano na nywele za mbele zinazojitokeza kwenye kofia zinakuwa na rangi ya kutu. Ndio watu wakaanza kuwaita kanari, kama yule ndege wa njano.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, nikae kidogo. Ile njano ya ngozi peke yake ni doa, rangi ya kemikali imeshika ngozi, inatisha lakini haiui. Manjano yenyewe, ile ya ini kuharibika, ni kitu kingine kabisa, na namna rahisi ya kutofautisha ni weupe wa macho. Ngozi njano macho meupe, hiyo ni rangi. Macho nayo yakiwa njano na mkojo umekuwa mweusi, ini limeshapigwa, na hapo wengine walikuwa wanakufa ndani ya wiki chache. TNT pia inaharibu damu, midomo inakuwa ya bluu au kijivu, mtu anahema akipanda ngazi, na kwa wachache uboho unaacha kutengeneza damu. Halafu ina tabia mbaya ya kuchelewa, mtu anaacha kazi akiwa mzima, manjano inamfuata nyumbani.

Waliokaa na wafanyakazi hawa na kuandika dalili zao moja moja ni pamoja na madaktari wawili wanawake, Agnes Livingstone-Learmonth na Barbara Cunningham, ripoti yao ikatoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet Agosti 1916. Mwaka huo huo viwanda vikaanza kulazimika kutoa taarifa kila mgonjwa wa manjano ya sumu akipatikana, na hesabu ikaja mbaya: vifo 52 mwaka 1916.

Mwanzoni dawa ilikuwa nini? Maziwa. Kiwanda cha Barnbow karibu na Leeds kilikuwa mpaka na shamba la ng'ombe wake. Maziwa ni chakula kizuri, mtu aliyeshiba anavumilia mengi, lakini hayazuii TNT, na hii imani ya maziwa nakutana nayo mpaka leo hapa kwetu kwa mafundi rangi na wachomeleaji, bosi anatoa pakiti ya maziwa anaona kamaliza. Wakagawa pia maski na glavu, kwa sababu waliamini sumu inaingia kwa pumzi na mdomo zaidi. Halafu mwaka 1917 utafiti wa mwanasayansi Benjamin Moore ukaonyesha kwamba njia kubwa ni ngozi. Yaani glavu ambayo vumbi limeshaingia ndani, pamoja na jasho, inaweza kuwa mbaya kuliko mkono mtupu uliooshwa.

Kuanzia hapo mkazo ukahamia kwenye kazi yenyewe: mashine zilizofunikwa badala ya mikono, hewa ya kuvuta vumbi, mabafu na sehemu za kunawia, nguo za kiwandani zinazobaki kiwandani, kumzungusha mtu wiki kadhaa kwenye TNT halafu anatolewa, na daktari anayewapima. Vifo vikashuka, 44 mwaka 1917, halafu 10 mwaka 1918. Thomas Legge, daktari mkaguzi wa kwanza wa viwanda Uingereza, alikuwa na msimamo kwamba mwajiri asipofanya kila kinachowezekana, mfanyakazi peke yake hana la maana la kujilinda nalo. Mimi kwenye semina naanza na huyo kabla sijagusa habari ya helmeti.

Milipuko ni habari nyingine. Barnbow hiyo hiyo, usiku wa Desemba 5, 1916, chumba namba 42 kikalipuka, wakafa wanawake 35, wengine walitambulika kwa vibati vya namba walivyovaa tu, na magazeti yakazuiwa kuandika, huku wenzao wakajitolea kuingia chumba kile kile masaa machache baadaye.

Vita ilipoisha wengi wakapunguzwa haraka, na mwaka 1919 sheria ikarudisha taratibu za kazi za kabla ya vita, kama vyama vya mafundi vilivyoahidiwa tangu 1915. Haki ya wanawake kupiga kura ya 1918? Walipewa wenye miaka 30 na kuendelea, tena kwa masharti ya mali, na hawa wa TNT wengi walikuwa mabinti wadogo, wakaambiwa wasubiri. Wanawake walipoitwa tena ilikuwa kwa lazima, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, Desemba 1941, wasioolewa wa miaka 20 hadi 30, wengine wakapelekwa viwandani kujaza makombora, na TNT ilikuwa ile ile.