Ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ haukuwa kazi ya mtu mmoja

Wengi huamini kwamba ukumbi wa maonyesho wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na mji mdogo wa Limuru nchini Kenya, ulikuwa mradi wa mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, na kwamba wanakijiji walikariri tu maneno aliyowaandikia. Dhana hiyo inawanyima haki yao wakulima na vibarua walioujenga.

Ni mwanamke wa kijiji aliyemwendea Ngũgĩ nyumbani kwake mwaka 1976, tena zaidi ya mara moja, kumwomba ashiriki katika kituo cha vijana. Masomo ya kusoma na kuandika kwa watu wazima yalitangulia; tamthilia ilifuata. Rasimu ya tamthilia hiyo ya Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda), ilitayarishwa na Ngũgĩ pamoja na mwandishi mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ, lakini mazoezi yalifanyika hadharani, na wazee waliozijua nyimbo na ngoma za zamani waliirekebisha bila kusita. Hata jukwaa lilibuniwa na wenyeji: kwanza walipanga njiti za kiberiti ardhini, kisha wakaunda kielelezo kidogo, hatimaye wakajenga ukumbi usio na paa wenye nafasi ya watu wapatao 2,000.

Onyesho lilifunguliwa Oktoba 1977. Novemba serikali ikafuta kibali, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Kukamatwa kwake, naona, ndiko kulikokuza dhana hii. Hata hivyo, mwaka 1982 polisi walipoubomoa ukumbi, waliangusha kazi ya mikono ya kijiji kizima.