Umekuwa wa ngapi? Nafasi ya darasani na somo la Biolojia kidato cha tano na sita

Mtoto wa kidato cha tano akishuka stendi ya Masasi au Nangurukuru mwezi Desemba, swali linalomsubiri ni moja: umekuwa wa ngapi? Kwa mikoa yetu ya Mtwara na Lindi huo ni msimu wa korosho. Wazazi wanashinda shambani au wanafuatilia mnada wa chama cha msingi, kwa hiyo ripoti ya shule inafunguliwa usiku, watu wamechoka, na macho yanakwenda moja kwa moja kwenye nafasi. Wa 41 kati ya 58. Mazungumzo yanaishia hapo, na mtoto analala akiamini kwamba Biolojia imemshinda.

Sisi tunaofundisha walimu wa sayansi tunakutana na wanafunzi wa namna hii kila mwaka, na wengi wao wanaliweza somo. Kinachowavunja moyo ni namba ambayo hakuna aliyewaeleza maana yake.

Kwanza, nafasi inayoandikwa kwenye ripoti mara nyingi hupatikana kwa kujumlisha masomo yote ya tahasusi, yaani yale matatu makuu anayosomea mwanafunzi, na pengine masomo ya jumla (GS) na hisabati ya msingi (BAM) yakiwemo. Mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) anaweza kushushwa na Fizikia huku Biolojia yake iko vizuri kabisa. Pili, alama za darasa hubanana katikati. Tuseme kati ya wanafunzi 58, nusu yao, yaani 29, wamepata kati ya 52 na 60. Hapo kila alama moja imebeba watu watatu hivi. Ukiongeza alama nne, ambazo ni kipengele kimoja cha swali la vitendo, unawapita watu zaidi ya kumi. Ukizipoteza, unapitwa na idadi hiyohiyo. Uwezo wako haujabadilika sana, lakini nafasi imeruka kutoka wa 25 hadi wa 37 na nyumbani kumetokea msiba.

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) halipangi madaraja kwa kuangalia nani yuko mbele ya nani. Kwa mtihani wa kidato cha sita, A ni kuanzia 80 hadi 100, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69, D ni 50 hadi 59, E ni 40 hadi 49, S ni 35 hadi 39, na chini ya hapo ni F. A ina pointi 1 na F ina pointi 7. Ukijumlisha masomo matatu ya tahasusi, pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza. Kwa hiyo A ya mwenzako haikunyang'anyi yako. Darasa zima linaweza kupata B, na darasa zima linaweza kupata F. Anayeongoza darasa kwa alama 48 ana E mkononi, na wa 41 mwenye alama 62 katika darasa kali ana C. Mzazi akiambiwa nafasi tu, atampongeza mwenye E na kumgombeza mwenye C.

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, NECTA iliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, na ningependa shule zetu ziuige kwenye mbao zao za matangazo.

Nisieleweke kwamba ushindani haupo. Nafasi za kusomea udaktari wa binadamu ni chache, na vyuo huchuja waombaji kwa ufaulu wao wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Lakini unashindanishwa na waombaji wa nchi nzima, kwa madaraja mliyopata kwenye mtihani wa taifa. Hakuna fomu ya chuo itakayouliza ulikuwa wa ngapi bwenini kwenu.

Wanaoumia zaidi ni waliozoea kuongoza. Mchukulie binti aliyemaliza shule ya kata Tandahimba au Liwale, kila muhula alikuwa wa kwanza au wa pili. Anapangiwa kidato cha tano, anaingia darasa ambalo kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Mtu mmoja tu ndiye atakayebaki wa kwanza. Mtafiti Herbert Marsh wa Australia alianza kulichambua jambo hili miaka ya 1980: wanafunzi wawili wenye uwezo sawa, aliye katika darasa lenye wenzake wakali hujiona dhaifu kuliko aliye katika darasa la kawaida. Uwezo ni uleule. Kilichobadilika ni watu anaojilinganisha nao. Binti huyo akikuambia "mimi sina kichwa cha sayansi," mwulize anajipima na nani hasa.

Sasa achana na ripoti, chukua karatasi ya majibu. Huko ndiko kwenye habari. Swali moja la urithi linajirudia sana: baba na mama wote wamebeba jini (chembe ya urithi) ya siko seli lakini hawaugui, eleza uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa. Mwanafunzi anachora jedwali lake vizuri, HbA (jini ya kawaida) na HbS (ya siko seli) zimekaa mahali pake, anapata robo. Kisha anaandika: "Katika watoto wanne, mmoja atakuwa mgonjwa." Hapo amekosa. Kila mimba inaanza upya na robo yake. Ya kwanza haiihusu ya pili. Familia inaweza kuwa na watoto wanne wazima wote, na jirani yao mwenye hali hiyohiyo akawa na wagonjwa wawili. Kosa hili lina uzito hata nje ya mtihani, maana kuna wazazi wanaodhani kwamba baada ya mtoto mmoja mgonjwa, wanaofuata wamesalimika. Nafasi ya 41 haitakuonyesha kosa hilo. Wino mwekundu wa mwalimu utakuonyesha.

Pitia kila alama iliyokatwa na ujiulize ilikwenda kwa sababu gani. Kuna uliyopoteza kwa kutokujua. Kuna uliyoyajua lakini Kiingereza kikakukwamisha. Na kuna ambayo swali lilitaka ulinganishe, wewe ukaeleza kimoja kurasa mbili na kingine mistari mitatu. Wa sababu ya kwanza arudi kitabuni. Wa tatu hana haja ya kusoma zaidi, ana haja ya kusoma swali mara mbili. Kwa yule wa Kiingereza, ushauri wangu ni huu: jadilini kwa Kiswahili kwanza mpaka kila mmoja aelewe namna figo inavyorudisha maji mwilini, halafu kila mmoja akaandike peke yake kwa Kiingereza, aya moja, na mwalimu aisahihishe. Uelewa ukishakuwepo, lugha hupata kitu cha kubeba.

Kuhusu kupiga msuli, wengi husoma madesa (notisi za kunakili) yaleyale mara tano hadi karatasi inachakaa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wale waliokisoma kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukiangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana mtu anatoka prepo anajiona ameiva, na Jumatatu inayofuata kichwa ni cheupe. Funga daftari, chukua karatasi tupu, chora njia ya damu kupita moyoni na uandike majina yote. Ulipokwama ndipo pa kusoma. Rudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Kuna hazina nyingine ambayo wanafunzi wa kusini wanaiacha nje ya dirisha. Nenda Mikindani maji yakiwa yamekupwa, utazame mchu, aina ya mkoko. Vimizizi vinavyochomoza juu ya tope viko pale kwa ajili ya hewa, kwa kuwa tope lile halina oksijeni ya kutosha. Geuza jani, pitisha ulimi: chumvi. Mti unaishi kwenye maji ambayo yangeunyonya mhogo ukanyauka, na unaimudu chumvi kwa kuizuia mizizini na kuitoa majanini. Ukiyaona hayo mara moja, osmosisi, yaani maji kupita utando wa seli kwenda penye chumvi nyingi, haitakuwa fasili ya kukariri tena.

Au mkorosho, ambao mwanafunzi wa hapa ameukuta kwao. Bibo si tunda halisi bali ni kikonyo kilichovimba. Tunda ni ile korosho inayoning'inia chini yake. Kwenye shada moja kuna maua ya kiume na maua yenye jinsia zote mbili. Kwa nini TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapo nje kidogo ya mji wa Mtwara, inahimiza miche ya kubebesha, yaani kijiti cha mti bora kilichounganishwa kwenye mche mwingine? Kwa sababu mbegu mara nyingi hutokana na uchavushaji wa miti tofauti, hivyo miti itakayoota haitafanana na mama yake, wakati kijiti cha kubebesha hukua kwa mgawanyiko wa kawaida wa seli na kubaki na jini zilezile za mti bora. Hapo umepata mayosisi (mgawanyiko unaotengeneza seli za uzazi), mitosisi (ule mgawanyiko wa kawaida) na tofauti za kijenetiki ndani ya shamba la babu. Ubwiriunga nao, ugonjwa tunaoupulizia salfa, ni kuvu: mada ya uainishaji imekuja yenyewe. Ongeza komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku, kwa mada ya uhifadhi, na chikungunya, virusi vilivyotambuliwa baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde.

Vitendo visiachwe hadi mwezi wa mwisho. Kupasua mende na kupanga sehemu za mdomo wake kunataka mkono uliozoea, na mende hawanunuliwi. Vipimo vya chakula vifanywe mapema, hata kama kemikali zinatosha kundi moja kwa zamu.

Kwa walimu wa taaluma nina ombi. Badala ya orodha ndefu ukutani, mpeni kila mwanafunzi kikaratasi chake chenye alama za kila mada na zile za jaribio lililopita. Kwa mzazi, mbadala wa "umekuwa wa ngapi" upo: Biolojia ulipata ngapi, safari iliyopita ulipata ngapi, na ni mada gani inakusumbua? Mzazi asiyejua Biolojia anaweza kuyauliza yote matatu.

Na kuna watoto ambao wamevuka huzuni ya kawaida ya matokeo. Utamwona mmoja hapati usingizi, hali chakula, amejitenga na wenzake, anasema hana maana tena. Huyo asipewe nasaha za kuongeza bidii. Aongee na mwalimu wa ushauri nasaha au matroni, na ikibidi apelekwe hospitali, iwe Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Aliye chini ya miaka 18 anaweza pia kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, bila malipo. Akisema anataka kujidhuru, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.