Wamaya hawakutoweka

Wanaokwenda Belize, nchi ya Amerika ya Kati, kutembea msituni, kuingia mapangoni na kupiga mbizi kwenye matumbawe huuziwa hadithi ileile: Wamaya, wenyeji wa huko tangu kale, walijenga mahekalu, kisha wakatoweka, hakuna ajuaye walikokwenda. Tamu kusikiliza, lakini si kweli.

Kilichoanguka, hasa karne ya 9, ni tawala za miji ya nyanda za chini kusini. Ukame uliorudiarudia na vita baina ya wafalme viliwachosha watu, wakahama kidogo kidogo. Mji wa Caracol, Belize, wenye hekalu la Caana la mita 43 hivi, ukamezwa na msitu. Lakini mjini Lamanai, kaskazini mwa Belize, watu hawakuondoka. Wahispania waliwakuta karne ya 16, wakajenga kanisa hapohapo. Na Nojpetén, mji wa Wamaya katika Guatemala ya leo, haukutekwa hadi 1697.

Mifupa ya pango la Actun Tunichil Muknal, Belize, iliyofunikwa chokaa mpaka inametameta, nayo haithibitishi kutoweka. Ni mabaki ya ibada na kafara, pamoja na vyungu vilivyoachwa sakafuni. (Kamera huachwa nje: mtalii mmoja aliangusha yake, ikatoboa fuvu.)

Leo lugha za Kimaya, karibu 30, zina wasemaji mamilioni, wengi wao Guatemala na Mexico. Na aliyetoweka hafungui kesi: vijiji vya Wamopan na Waq'eqchi', jamii za Kimaya wilayani Toledo, kusini mwa Belize, viliishtaki serikali kudai ardhi, na mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Karibi ikathibitisha haki yao.